Nguruwe mwitu akivamia shamba lako, sheria inakuruhusu ufanye nini?

Mahindi yanapokaribia kukomaa, mkulima wa bonde la Lambwe huanza kulala macho. Usiku mmoja wa nguruwe mwitu unatosha kuharibu kazi ya msimu mzima. Wengi hufikiria mbwa, mkuki au mtego wa waya, wakiamini kwamba mwenye shamba ana haki ya kumuua mnyama aliyeingia humo. Imani hiyo si sahihi.

Nchini Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza katazo hilo. Hati ya shamba humpa mtu ardhi. Haimpi wanyamapori waliomo. Hata mwenye ranchi kubwa anahitaji leseni ili kufuga au kupunguza wanyamapori, na hakuna leseni ya kuwinda kwa burudani. Anayewinda ili ale nyumbani pia anatenda kosa.

Mkanganyiko hutokana na yanayofanyika kwa majirani. Nchini Uganda, uwindaji wa kulipia ulianza kwa majaribio mwaka 2001 katika ranchi za watu binafsi karibu na Ziwa Mburo. Tanzania nayo hutoa leseni za uwindaji. Leseni hizo hazina nguvu Kenya.

Wanaoishi visiwani, kama vile Takawiri, huenda wakasumbuliwa zaidi na kiboko anayetoka ziwani usiku kutafuta malisho. Sheria ni ile ile. Vilevile, kununua au kupatikana na nyama ya porini ni kosa, hata kama imeletwa kwa mashua na aliyeinunua hakuwinda.

Nyama hiyo ina hatari nyingine. Ngiri na nguruwe mwitu wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonyesha dalili. Ugonjwa huo, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, hauambukizi binadamu, lakini unaweza kumaliza nguruwe wote wa boma na hauna tiba. Mabaki ya nyama yakitupiwa nguruwe wa nyumbani yanatosha kuuingiza. Wafugaji wanashauriwa kuwafungia nguruwe wao bandani na kumwita afisa wa mifugo mara wanapoona vifo vya ghafla.

Shamba likivamiwa, mkazi anashauriwa:

1. Kutoa taarifa mara moja kwa chifu au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu.

2. Kupiga picha za uharibifu na nyayo, na kutovuna wala kulima upya sehemu hiyo kabla ya kukaguliwa.

3. Kumwomba afisa wa kilimo akadirie hasara, kisha kujaza fomu ya madai. Madai hupitiwa na Kamati ya Kaunti ya Uhifadhi wa Wanyamapori na Fidia.

Si kila mnyama yumo katika orodha ya fidia ya mazao. Kiboko yumo. Aliyevamiwa na nguruwe mwitu aulize ofisi ya KWS kabla ya kutegemea malipo. Hata hivyo atoe taarifa, kwani maafisa hawawezi kushughulikia kundi wasilojua liko wapi. Fidia pia inaweza kukataliwa ikiwa mkulima hakuchukua hatua za kutosha kulinda mimea yake.

Ulinzi basi uanze mapema. Nguruwe mwitu hutembea usiku na kujificha vichakani mchana, hivyo kufyeka vichaka vinavyopakana na shamba huwanyima maficho. Uzio imara wa miti na miiba, ukaguliwe kila jioni, husaidia. Majirani wakilinda kwa zamu, wakitumia mwanga na kelele, hakuna anayelazimika kukesha kila usiku. Mitego ya waya isitumike kamwe: hainasi nguruwe peke yake, hunasa pia ng'ombe, mbwa na hata mtoto anayepita.