Foto ya Mpira Imefunikwa na Vumbi: Tuiokoe Namna Gani?

Fungua telefone yako, angalia foto za mpira ulizopiga wakati wa kipwa. Mchezaji anaruka, mpira uko hewani, umemkamata saa ileile. Lakini foto yote iko kama kikwembe kilichofuliwa mara mia: nyeusi si nyeusi tena, nyekundu imekufa. Mama anaangalia, anauliza: « Huyu njo mwana wangu? Sura haionekane! »

Usiifute kwanza. Pengine ni foto moja tu ambayo jamaa itabaki nayo, wakati kijana yule atakapokwenda mbali kutafuta kazi, ao wakati hatakuwa tena pamoja nanyi. Uso wake haujapotea. Uko nyuma ya pazia.

Pazia linatoka wapi?

Huku kwetu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kipwa kinaanza karibu mwezi wa tano na kuendelea hadi wa tisa. Kamyo za madini zinatimua vumbi, majani yanaungua porini, moshi unabaki hewani. Mwangaza wa jua ukigonga vipande vile vidogo, unatawanyika pande zote, na sehemu yake inaingia katika kamera. Kadiri mchezaji alivyo mbali nawe, ndivyo pazia linavyozidi kuwa zito. Ukipiga foto ukielekea jua ni mbaya zaidi. Na kioo cha telefone chenye mafuta ya vidole kinaongeza taabu.

Foto ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi: 0 ni giza kabisa, 255 ni mwangaza kabisa. Foto nzuri mara nyingi inatumia ngazi karibu zote. Foto ya vumbi inasongamana katikati, tuseme toka 90 hadi 200. Kuiokoa maana yake ni kuvuta ngazi zile, zienee tena toka chini hadi juu. Ni vile tu!

Kazi yenyewe

Kwa kompyuta, tumia GIMP. Ni programu ya bure, iliyotolewa mara ya kwanza katika mwaka 1996 na wanafunzi wawili wa California, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ukisha kuiweka, inafanya kazi bila intaneti. Ikiwa kompyuta yako inasema Kifaransa, fuata hivi:

1. Fanya kopi ya foto. Ile ya kwanza usiiguse hata kidogo.

2. Katika « Couleurs » chagua « Niveaux ». Utaona mchoro kama kilima, na chini yake pembetatu tatu. Sukuma ile nyeusi mpaka mahali kilima kinapoanzia, na ile nyeupe mpaka kinapoishia. Usiingie ndani ya kilima. Hapo pazia linaanguka, utashangaa! Pembetatu ya katikati inasaidia kuangaza uso ao kuutia giza.

3. Vumbi letu jekundu linaacha rangi ya machungwa. Tafuta kitu unachojua kuwa ni cheupe, kama soksi ao mstari wa kiwanja, kisha punguza nyekundu na manjano pole pole mpaka kiwe cheupe kweli.

4. Tumia « Masque flou », weka « Rayon » karibu 60 na « Quantité » ndogo, 0,2. Mikunjo ya nguo na misuli ya miguu itatokea.

5. Simama hapo. Ukizidisha, foto inajaa chembechembe kama mchanga, na watu wanakuwa na rangi ya ajabu.

Huna kompyuta? Snapseed ni ya bure kwa telefone, nayo ina kazi za namna hii. Na wenye kutumia Lightroom wana kitelezi cha kuondoa ukungu tangu mwaka 2015.

Lakini tusidanganyane. Mahali palipoungua kuwa peupe kabisa hapana kitu cha kurudisha. Na mguu uliotoka kama moshi kwa sababu ulikuwa mbio hauwezi kurudishwa vizuri. Kwa hiyo mara ijayo: futa kioo, weka jua mgongoni, karibia wachezaji, na chagua mwendo wa haraka wa kamera, 1/500 ya sekunde ao zaidi.

Kusafisha si kudanganya

Kijana mmoja anaweza kusema: « Kama naweza kuondoa vumbi, mbona nisiongeze mpira ndani ya goli? » Hapana. Kuondoa pazia ni kuonyesha kile kilichokuwapo. Kuongeza mpira ni kusema uongo. Katika mwaka 2003, Brian Walski, mpiga foto wa gazeti Los Angeles Times, aliunganisha foto mbili za vita vya Iraki ili apate moja yenye kupendeza zaidi. Watu waligundua, naye alifukuzwa kazi. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, lakini foto moja tu ilitosha.

Kwetu jambo hili ni zito. Leo unapiga foto ya mpira, kesho utapiga ya shimo lililoanguka ao ya mto uliobadilika rangi. Foto ile inaweza kuwa shahidi wa wajane na wa kijiji kizima. Ukiibadilisha hata kidogo ili ipendeze, mwenye kukataa ukweli atapata neno la kusema: « Foto yenu ni ya kutengeneza. » Hapo utajibu nini, kama hukuchunga ile ya kwanza?

Ya kuzungumza nyumbani: Foto gani ya jamaa yetu inafaa kuokolewa kabla telefone haijaharibika? Na kopi yake tutaiweka wapi?