Mzabibu Usiolala: Divai ya Dodoma

Mizabibu mingi ya divai duniani hustawi kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, ambako majira ya baridi huilazimisha kupumzika. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Huko mzabibu haulali. Basi mkasi wa mkulima ndio uamuao msimu: akiisha kupogoa, macho ya matawi huchipua upya, naye huvuna mara mbili kwa mwaka. Mwinuko wa mita 1,100 hivi huupoza usiku, na ubaridi huo huihifadhi asidi ya tunda. Divai yake ni ya bei nafuu, wala, nathubutu kusema, si duni. Lakini zabibu zilizochumwa huoza upesi, na mkulima aliye mbali na kiwanda hulazimika kuziuza kwa bei ya kutupa.