Baridi ya pikipiki huanzia vidoleni

Alfajiri ya Julai, madereva wa bodaboda wa Piyaya, wilayani Ngorongoro, Tanzania, wanaoelekea Malambo, au wanaopanda kwenda Wasso, huvaa makoti kinyumenyume: zipu nyuma, mgongo wa koti mbele. Mtindo huo utauona pia Karatu, Arusha, Nairobi na Kampala, na una mantiki yake. Zipu hupitisha upepo. Ukiipeleka nyuma, kifua kinabaki na kitambaa kizima. Wengine huongeza kipande cha ngozi bandia kilichoshonwa kwa kazi hiyo, au boksi lililokunjuliwa na kuingizwa ndani ya jaketi. Sasa tazama mikono ya dereva huyohuyo kwenye usukani. Mara nyingi iko mitupu.

Uliza kijiweni kwa nini kifua kinalindwa namna hiyo, utajibiwa kwa neno moja: nimonia. Imani hiyo imeenea nchi nzima, na ina watu wazima na akili zao nyuma yake. Ila nimonia huletwa na vijidudu, hasa bakteria wa nimokoka na virusi mbalimbali, na upepo wenyewe, hata uwe mkali vipi, hauwezi kumzalisha mdudu ndani ya pafu. Mtu huambukizwa na mtu mwenzake, kwa kikohozi, chafya au mikono.

Hiyo haina maana kwamba baridi haina neno. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walichapisha jaribio la watu 180. Nusu yao walitia miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20. Nusu nyingine walitia miguu kwenye beseni tupu. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 kati ya wale 90 waliopozwa miguu walisema wameshikwa na mafua, na 5 tu kati ya wale wengine. Watafiti hao walikisia kwamba mtu anapopoa, mishipa midogo ya damu ya puani husinyaa, ulinzi wa pua hupungua, na kirusi kilichokuwa kimejibanza tayari hupata nafasi. Kwa hiyo mama anayemkataza mwanawe asilowe hakosei sana. Lakini mafua huja baada ya siku kadhaa. Barabarani iko hatari nyingine inayokuja ndani ya nusu saa, nayo haianzii kifuani.

Kwanza upepo. Ngozi ya binadamu hujipashia safu nyembamba ya hewa vuguvugu inayoizunguka, na pikipiki huifagia safu hiyo bila kupumzika. Kwa kanuni inayotumiwa Kanada na Marekani tangu 2001, hewa ya nyuzi 10 ikimpiga mtu usoni kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa hupoza ngozi sawa na hewa tulivu ya karibu nyuzi 5. Hapo upepo wa uwandani haujahesabiwa, na nyanda za Piyaya ziko wazi, hazina miti ya kuukata. Ukija kwa mbele, unajumlishwa juu ya kasi ya chombo. Mwinuko nao una hesabu yake: kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hadi 7. Mji wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200, kwa hiyo aliyevaa vizuri kwa ajili ya Karatu hupungukiwa na nyuzi nne au tano akifika juu, na pengine ukungu wa msituni umeshamlowesha.

Mwili ukigundua kwamba unapoteza joto, hulinda moyo, ubongo na viungo vya ndani. Mishipa ya damu ya mikono na miguu hubanwa ili damu ya moto ibaki kiwiliwili, na vidole ndivyo vinavyokatiwa kwanza. Ngozi ya mkono inaposhuka chini ya nyuzi 15 hivi, vidole huwa vizito, hisia za kugusa hupotea, na neva hupeleka habari polepole. Dereva anaona ng'ombe barabarani, anaamuru mkono ubane breki, mkono unachelewa. Kwenye kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukimbia karibu mita 17 kwa kila sekunde. Sekunde moja ya kidole kilichokufa ganzi inatosha kumfikisha kwenye yule ng'ombe.

Hapa ndipo koti la kinyumenyume linapopata heshima yake, ingawa kwa sababu tofauti na ile ya kijiweni. Watafiti wa Kanada waliwahi kuwakalisha watu kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, mikono mitupu, huku vifua na migongo yao ikipashwa moto kwa vazi la umeme, na vidole vikaendelea kuwa na joto la kufanyia kazi. Kiwiliwili chenye joto la ziada hufungulia damu iende mikononi. Anayefunika kifua, basi, analinda vidole vyake bila kujua. Ila kufunika kifua na kuacha mikono kwenye upepo ni kazi nusu, kwa sababu joto hilo linalotumwa mikononi linapeperushwa palepale.

Glovu zingestahili kununuliwa kabla ya jaketi la pili. Za ngozi zenye bitana ndani ni bora, na glovu nyembamba za sufu kutoka mitumbani zikivishwa juu yake glovu za mpira za kuoshea vyombo, saizi moja kubwa zaidi, humfaa dereva kwa gharama ndogo: sufu hushika hewa, mpira huzuia upepo na maji. Zijaribiwe pikipiki ikiwa imesimama, kuona kama vidole vinafika kwenye klachi na breki bila kubanwa. Glovu inayobana huminya mishipa ya damu na kuongeza baridi badala ya kuipunguza. Nchini Kenya madereva wengi hufunga kwenye usukani mifuko mikubwa ya ngozi bandia ambayo mkono huingia ndani yake. Fundi viatu yeyote wa Karatu anaweza kuishona akionyeshwa mfano.

Kuhusu nguo za ndani, adui ni pamba iliyolowa. Fulana ya pamba hunyonya jasho na mvua, ikagandama mwilini, na maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Kisha upepo huanza kuyakausha. Nusu lita ya maji ikikaukia mwilini huhitaji karibu kilojuli 1,200, ambazo ni joto linalozalishwa na mwili wa mtu aliyetulia kwa zaidi ya saa tatu. Polista haina sifa hiyo ya kunyonya. Sweta zake laini zenye manyoya mafupi, zilizoanza kutengenezwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, zimejaa kwenye mitumba ya minadani na hukauka upesi. Sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Shuka nayo isidharauliwe. Ikikunjwa vizuri ndani ya koti la mvua, hushika hewa nyingi, na zile za akriliki hukauka haraka kuliko za pamba. Ikivaliwa juu ya kila kitu, upepo hupita katikati ya nyuzi zake, na ncha inayopepea ikinaswa na cheni au spoki, dereva huvutwa chini na nguo yake mwenyewe. Gazeti pia lina kazi: waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France walizoea kulipachika kifuani kabla ya kuteremka milima ya Alps, nalo huzuia upepo vilevile kwenye mteremko wa Rhotia.

Koti la mvua lichaguliwe mtu akiwa amekaa. Dukani, likijaribiwa kwa kusimama, kila koti linatosha. Panda kwenye pikipiki iliyo karibu, nyoosha mikono kama unaendesha, uone mikono ya koti inarudi nyuma kiasi gani na kiuno kinaachwa wazi au la. Geuza upande wa ndani uangalie mishono: kama haikubandikwa utepe, kila tundu la sindano litapitisha maji. Mshono wa makalioni ndio unaovuja mapema kuliko yote, kwa kuwa maji hukusanyika kwenye siti na uzito wa mtu huyasukuma yapenye. Koti na suruali yake ni salama kuliko joho refu la mvua, ambalo hujaa upepo na kuyumbisha chombo. Mwavuli mkubwa unaofungwa kwenye pikipiki una kasoro hiyohiyo, na kwenye uwanda wenye upepo wa ubavuni hauna nafasi kabisa. Mkono wa koti upite juu ya glovu na suruali ipite juu ya gambuti, la sivyo maji yanayoteremka huishia kwenye vidole.

Yapo makoti ya bei kubwa yanayozuia maji huku yakitoa jasho, kwa utando ambao Bob Gore aliuvumbua Marekani mwaka 1969, wenye vitundu vidogo mno visivyopitisha tone la maji lakini vinavyopitisha mvuke. Kwa safari za siku nzima ni kitu kizuri. Kwa bodaboda anayesimama kila baada ya kilomita chache, koti la plastiki nene linatosha, mradi afungue shingo kila anaposimama. Rangi ya njano au chungwa ishinde nyeusi, na reflekta ivaliwe juu ya koti, si chini yake.

Kofia ngumu haina msimu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wakati wa mvua wengi huinua kioo chake kwa sababu ya ukungu wa pumzi, matone yakawachapa machoni. Sabuni ya kuoshea vyombo, tone moja likipakwa ndani na kufutwa kwa kitambaa kikavu, huzuia ukungu huo kwa muda.

Abiria husahaulika. Dereva anashughulika, misuli yake inatoa joto. Aliye nyuma ametulia tu. Mtoto mchanga anayepelekwa kliniki hupoa haraka kuliko mama yake, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Afungwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa na kofia, pua na mdomo vikiwa wazi, na koti la mama likiwafunika wote wawili.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, tatizo ni la kitabibu. Dalili huanza na kutetemeka, kisha ulimi huwa mzito, mtu hushindwa hata kufunga kifungo, na maamuzi huharibika. Kutetemeka kukikoma kabla hajapashwa joto, hali imekuwa mbaya zaidi na anatakiwa kufikishwa hospitali. Avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe blanketi kavu, na kama ana fahamu zake na anameza vizuri, apewe chai ya moto yenye sukari. Pombe kali haifai: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi moto huku joto la ndani likizidi kutoka. Na mikono isipashwe kwenye ekzosi, maana kidole chenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi.