Muhali Ofisini: Taasisi Inapopokea Taarifa ya Ukatili wa Kingono kwa Mtoto

Taasisi inayolea au kufundisha watoto, iwe shule, madrasa, kanisa, kituo cha yatima au klabu ya mpira, inapopata taarifa kwamba mtoto aliye mikononi mwake amefanyiwa ukatili wa kingono, huwa na wajibu wa kumlinda mtoto huyo na wa kuifikisha taarifa kwa wenye mamlaka ya kuchunguza. Kuamua kama tendo lilitokea au halikutokea si kazi yake. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndipo mambo yanapoharibika, kwa kuwa mkuu wa taasisi, hata akiwa na nia njema, huona ni busara kuitisha kikao, kumhoji mtoto, kumkabilisha na mtuhumiwa, na kujiridhisha kwanza kabla ya kuwasumbua polisi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, haimdai mtu kujiridhisha kiasi hicho. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika, na neno la kuzingatiwa hapo ni "habari", ambayo ni pungufu sana ya uthibitisho. Kupima ushahidi ni kazi ya polisi, ambao wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo, na baadaye ya mahakama.

Mazungumzo ya kwanza na mtoto ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Watoto wengi hawasemi siku ileile. Husema baada ya wiki au miaka, kwa vipande, na wengine hukana walichokwisha kusema wanapoona mama analia au baba amekamatwa. Aghalabu mtoto hana msamiati wa watu wazima, hivyo husema kwamba fulani "alinifanyia tabia mbaya" au "ananisumbua usiku". Mwalimu aliyesikia maneno hayo anapaswa kuyaandika kama yalivyotoka, pamoja na tarehe, saa na mahali, bila kuyageuza kuwa "alibakwa", kwa sababu tafsiri ya mwalimu ikipishana na kauli ya mtoto kizimbani, wakili wa utetezi ataishikilia tofauti hiyo. Swali linalofaa ni lile lililo wazi, kama "Ikawaje?", ilhali swali linalobeba jibu ndani yake, kama "Ni mjomba, siyo?", humpandikizia mtoto jambo ambalo huenda hakulisema. Vilevile asiahidiwe kwamba habari itabaki siri, kwa kuwa ahadi hiyo haiwezi kutimizwa. Akishahojiwa na mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, kamati ya shule na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja kwa namna yake, maelezo hupoteza uzito na mtoto huchoka.

Jambo la pili ni saa. Dawa kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kwa hiyo kikao cha kamati kilichopangwa Jumatatu kwa tukio la Ijumaa usiku kinaweza kuwa kimemnyima mtoto kinga. Nguo alizovaa zisifuliwe, na ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi badala ya mfuko wa nailoni, kwani nailoni hufungia unyevu na ukungu ukaharibu vielelezo. Fomu ya polisi namba tatu, maarufu kama PF3, hurekodi matokeo ya uchunguzi wa daktari, na pale palipo na kituo cha Mkono kwa Mkono, yaani sehemu ambamo tiba, polisi na ustawi wa jamii vinapatikana chini ya paa moja, mtoto hupunguziwa safari. Ieleweke pia kwamba daktari kutoona jeraha si dalili kwamba mtoto amedanganya, maana wengi wa wanaopimwa hawaonyeshi jeraha lolote.

Kinachozima taarifa nyingi, hata hivyo, si ujinga wa taratibu bali ni kile ambacho Wazanzibari hukiita muhali, yaani ile haya ya kumchukulia hatua ndugu, jirani au mtu wa heshima kwa kuogopa kuvunja uhusiano. Kesi humalizwa nyumbani kwa fedha au kwa ahadi ya ndoa, ilhali kubaka ni kosa la jinai ambalo Jamhuri ndiyo hulishtaki, na wazazi hawana uwezo wa kulisamehe. Muhali una sura ya kiofisi pia, nayo ni uhamisho. Tume ya Kifalme ya Australia kuhusu ukatili wa kingono kwa watoto ndani ya taasisi, iliyofanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017 na kuwasikiliza faraghani zaidi ya manusura 8,000, ilionyesha jinsi viongozi wa dini walivyowahamisha watuhumiwa kutoka parokia moja kwenda nyingine, ambako walikutana na watoto wasioonywa. Mtuhumiwa aondolewe kwenye kazi inayomkutanisha na watoto hadi uchunguzi uishe, bila jina lake kutangazwa paredi, kwa kuwa naye hajahukumiwa.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulibaini kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mkaguzi anayefungua daftari la matukio la shule yenye wanafunzi mamia na kulikuta tupu kwa miaka kumi ana sababu ya kuuliza, kabla ya kuipongeza shule hiyo, ni nani anayelitunza na watoto wanamwogopa kwa kiasi gani.