Tangazo Lisimngoje Fundi

Redioni Arua, Uganda, tangazo la msiba halimngoji fundi wa mitambo. Mfiwa huleta karatasi asubuhi, mtangazaji akaisoma, na kabla ya jua kuwa kali ndugu walioko Koboko wameshajua mazishi ni wapi. Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua ilianza mwaka 2004, na masikio ya watu wa eneo hili la West Nile yameshazoea habari ya leo kusikika leo.

Kwenye tovuti mambo ni tofauti. Shule humwita fundi, pengine kutoka Kampala. Huijenga tovuti, hulipwa, huondoka na neno la siri. Ada ya muhula ikipanda, katibu wa shule hana budi kumpigia simu, kumbembeleza na kungoja. Wakati huo mzazi aishiye Oraba anasoma ada ya mwaka juzi, anauza mbuzi kwa hesabu hiyo, na anafika shuleni fedha hazitoshi.

Jambo hili linaniuma kwa sababu dawa ipo, tena moja ina jina letu. Mwaka 2005 watengenezaji waliojitenga na programu ya kuendeshea tovuti iliyoitwa Mambo waliibatiza kazi yao Joomla, yaani jumla, neno la Kiswahili lililoandikwa Kizungu. WordPress iliitangulia mwaka 2003, na leo inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Zote mbili huweka maneno katika ghala lake na sura ya tovuti mahali pake. Katibu huingia, huandika kama anavyoandika barua, hubofya, basi. Akipewa ngazi ya mhariri, hata akikosea hawezi kubomoa nyumba. Ngazi ya msimamizi abaki nayo mtu mmoja au wawili wanaoaminika.

Wapo wanaosema Facebook inatosha. Januari 2021, siku za uchaguzi, serikali ya Uganda iliifunga, kisha ikazima intaneti yote. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa. Aliyekuwa ameweka matangazo yake yote humo alijikuta nje ya duka lake mwenyewe.

Halafu kuna lugha, na kwangu hili ndilo kubwa. Sokoni Koboko utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiswahili na Kiarabu cha wafanyabiashara wa Sudan Kusini. Fundi wa mbali hawezi kuandika siku ya chanjo kwa Kikakwa. Muuguzi wa zahanati anaweza, na anajua pia kwamba chanjo imeahirishwa hadi Alhamisi.

Kwa hiyo mkuu wa shule, kabla hujamaliza kumlipa fundi, hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la shule. Kisha siku ya makabidhiano katibu aketi kwenye kompyuta, fundi asimame nyuma yake bila kugusa kitu, na ada ya muhula huu iandikwe.