Ubao wa Chombo: Utambue Kabla ya Kuupaka

Wenye majahazi na mashua wa Lamu na Mombasa wajua ya kuwa jua na maji ya chumvi huugeuza ubao wa nje ukawa wa kijivu. Rangi hiyo peke yake si dalili ya kuoza. Lakini yafaa kujua ni mti gani, na kama ungali mzima, kabla ya kupaka kitu chochote.

Kwanza, parua mahali padogo, utazame. Msaji una rangi ya dhahabu iliyoiva, na ukiugusa ni kama uliotiwa mafuta. Mvule ni wa manjano unapokatwa, kisha hugeuka kahawia. Mbambakofi ni mwekundu-mwekundu, mzito na mgumu.

Pili, dunga kwa ncha ya kisu, hasa penye viungo na misumari. Kisu kikizama kwa wepesi, ubao umeoza. Uondoe, utie mwingine. Kuuficha kwa rangi ni kuhatarisha roho za mabaharia.

Tatu, piga msasa kwa kufuata nyuzi za ubao, uoshe kwa maji matamu, uache ukauke kabisa. Msaji ukitaka kuupaka vanishi, ufute kwanza kwa spiriti, kwani mafuta yake huizuia vanishi isishike. Desturi ya pwani ni kupaka sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu zisizozama majini. Chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu.

Chombo hutengenezwa kingali pwani. Katikati ya bahari hakuna karakana.