Upande wa Pili wa Mlima Meru

Ukisimama Themi, hapa Arusha, alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, Mlima Meru unaonekana mzima. Umekaa kama paa la msonge, na aliyezaliwa hapa anaweza kuzeeka akiamini kwamba ndivyo ulivyo pande zote. Safari fupi ya gari inatosha kumtoa katika imani hiyo. Pita Usa River, kata kushoto kuelekea lango la hifadhi la Ngurdoto, fika Momella, kisha geuka utazame. Ubavu wa mashariki haupo! Mlima uko wazi kama chungu kilichomeguka, na ndani yake umebaki ukuta wa mwamba unaokaribia urefu wa mita 1,500.

Huo ubavu ulikwenda wapi? Umeukanyaga. Wanajiolojia wanakadiria kwamba kati ya miaka 7,000 na 10,000 iliyopita uliporomoka, ukasambaa zaidi ya kilomita 30 kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vidogo vya Momella ambavyo twiga hujilia majani juu yake ni vipande vya mlima wenyewe.

Volkano ya namna hii hujengwa kwa tabaka, lava juu ya majivu, majivu juu ya lava. Mvuke wa moto na maji yenye tindikali hupenya humo karne kwa karne, na mawe hulainika mpaka mengine yanakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Kwa nje mlima unazidi kunenepa, kwa ndani unaoza. Ukifika hapo, tetemeko la wastani linaweza kuumaliza. Tetemeko la namna hiyo lilipiga Mount St. Helens, Marekani, asubuhi ya tarehe 18 Mei 1980. Ubavu mzima ulishuka mbele ya macho na kamera za watu, mlima ukapungua kimo kwa takriban mita 400, na watu 57 wakafa. Baada ya siku ile wanajiolojia walianza kuvitazama kwa macho mapya vilima vya ajabu vilivyo chini ya volkano nyingi duniani.

Lakini somo lililonigusa mimi lilitoka kwa wataalamu wa mimea na wanyama. Walikwenda St. Helens wakitarajia kukuta jangwa tupu, ambalo uhai ungelirudia polepole kutoka pembezoni. Wakakuta uhai mwingine haukuwa umeondoka. Wanyama wafananao na fuko walikuwa wamenusurika mashimoni, na sasa walikuwa wakifukua udongo wa zamani na kuuleta juu ya majivu. Miche iliyokuwa imefunikwa na theluji ilichipua. Na palipokuwa na majivu matupu kabisa, mmoja wa mimea ya kwanza kushika mizizi ulikuwa wa jamii ya maharage, kwa sababu bakteria waishio kwenye mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani. Ulijitengenezea mbolea mahali pasipo na mbolea.

Jirani yangu wa hapa Themi, mwalimu wa hesabu, alistaafu mwaka juzi akiwa na miaka 60. Miezi ya mwanzo aliendelea kuamka saa kumi na moja, ananyoosha shati, anakaa barazani na chaki mfukoni. Wageni wakija wanamwambia, "Hongera Mwalimu, sasa unaanza upya." Siku moja akanigeukia, akaniuliza, "Hivi mwanangu, naanza upya na nini?" Sikuwa na jibu. Leo ningempeleka Momella. Hakuna kilichoanza upya pale. Maziwa kama Rishateni na Tulusia yamekaa kwenye mabonde baina ya vipande vya mlima ulioanguka, yakinyweshwa na maji ya chini ya ardhi. Heroe huyafuata kwa ajili ya vijimea vya maji yenye magadi. Ndani ya kreta, koni mpya ya majivu imekua palepale ilipobomoka ya zamani, na mwaka 1910 mlima ulitema majivu kidogo. Hata migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha inakula majivu ya milipuko iliyokwisha zamani.

Mwalimu naye sasa ana watoto sita wa mtaa barazani kwake kila jioni. Ameleta na ukali wake wote. Mkewe ananiambia hesabu zimerudi nyumbani pamoja na kelele zake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri kwamba kila mwisho ni baraka. Mabaki hayachagui. Mawe yaleyale ya volkano yaliyotupatia udongo mweusi yana floraidi nyingi, na maji yakipita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima na chemchemi nyingi kuzunguka Meru zimepita kiwango hicho, tena mbali, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi. Floraidi inapenda mifupa na meno kwa sababu vimejengwa kwa madini ambayo inaweza kujishikiza kwayo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeutumia udhaifu huohuo: mifupa ya ng'ombe inachomwa ikawa mkaa, maji yanapitishwa humo, na floraidi inanaswa na mfupa uliokufa kabla haijaufikia ulio hai. Mkaa huo hujaa baada ya muda, ukalazimika kubadilishwa.

Basi kama una mtoto mdogo na unaishi upande wa Maji ya Chai au Ngurdoto, mchujie maji yake kwa mkaa wa mifupa tangu sasa. Meno ya ukubwani huharibika yangali yakijengeka ndani ya taya, na yakishatoka na rangi ile hayarudi kuwa meupe yenyewe.